Kamba ya Kuku

Kazi yangu ni kuvika ndege vifaa na kuomba warudi. Sisemi kuomba kwa mzaha. Kifaa chenyewe ni kidogo kama punje ya mahindi, kinakaa mgongoni, na hakitumi habari yoyote hewani. Kinahifadhi tu mwanga wa jua ulivyokuwa kila siku, na kwa huo tunakadiria ndege alikuwa wapi. Ukitaka kujua ndege alipitia wapi, ni lazima umkamate tena yule yule, baada ya yeye kwenda Ulaya na kurudi.

Tuliwavika wengi katika shamba moja la Naitiri, wakati wa kuvuna, tukawaachilia hapo kwenye waya wa ua. Msimu uliofuata nilitoka Kitale kila wiki nikazunguka na darubini, nisione hata mmoja. Mwenye shamba, mama mjane wa rika la mamangu, akaanza kunihurumia. Mimi nilianza kulichukia anga lenyewe.

Kisha akanipigia simu. "Daktari, kuja. Ndege yako imerudi. Nimekushikia."

Nilikimbiza pikipiki kama mwendawazimu, nikicheka peke yangu.

Alikuwa amepaka utomvu kwenye waya wa ua, kama watoto wanavyonasa ndege. Halafu akafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu hufanya akimtunzia mgeni kuku wake: akamfunga mguu kwa kamba ya katani, akamweka jikoni chini ya tenga, akamwagia mahindi. Ndege huyu hula wadudu. Nilipofunua tenga alikuwa amelala ubavu, mabawa yamegandamana, kamba bado mguuni.

"Si ilikuwa mzima asubuhi," mama alisema. "Ata ilikuwa inapiga kelele." Kisha akauliza polepole, "Kazi imeharibika?"

Ningemkasirikia vipi? Nilisema haijaharibika, nikamshukuru. Akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na jogoo aliyefungwa kwa kamba kama ile, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilirudi Kitale na jogoo akihangaika mbele yangu na ndege mfukoni mwa shati.

Kifaa kilisomeka vizuri. Mstari wa safari yake kwenye ramani ulipanda kaskazini, ukavuka jangwa, ukavuka bahari, ukarudi. Wenzangu ofisini walipiga makofi. Mimi nilitamani kuiacha kazi hii, na bado natamani. Dunia yote hiyo, na alirudi kutua kwenye waya ule ule ambapo, mara ya kwanza aliposhikwa, aliachiliwa.