Mlango Uliogoma Kiswere

Mke wangu alinasa ndani ya gari letu Kiswere, siku tuliyokuwa tunakwenda hospitali Dar es Salaam. Hakuna aliyemfungia. Kitasa cha mlango kiligoma chenyewe, yeye akiwa ndani, mimi nikiwa nje na vikombe viwili vya chai mkononi.

Maisha yangu yote ya kazi niliendesha mabasi ya kwenda Dar, na mke wangu alikuwa mtu wa kubaki nyumbani. Mimi ni Mmwera wa Lindi vijijini. Yeye alikuwa Mmakonde wa Newala, na safari aliyoijua ilikuwa moja tu, ya kupanda kwao kumwona mama yake. Nilipostaafu nilinunua basi dogo lililokuwa limepandishwa juu ya mawe kwa muda mrefu, nikang'oa viti, nikaweka kitanda, jiko la gesi, kabati la vyombo na pipa la maji. Watoto wa mtaani waliliita nyumba ya matairi. Nilitaka nimtembeze. Twende Kilwa akayaone magofu ya Kisiwani, twende kwa binti yetu Dar, na tukichoka tulale hapo hapo tulipo.

Mlango wa ubavuni niliutengeneza kwa mbao nzito, nikautia kitasa cha kawaida cha nyumba. Kwa kuogopa wezi nikaweka nondo madirishani, nikapigilia bati gumu kwenye fremu ili mtu asipitishe kisu. Kati ya kiti cha dereva na chumba nikaziba kwa mbao. Nilijiona fundi.

Hatukuwahi kutembea. Kabla sijamaliza kupaka rangi, alianza kuumwa tumbo na kukonda. Hospitali ya kwetu walimpima, wakasema kuna uvimbe, wakatuandikia rufaa. Binti yetu akatutayarishia chumba kwake na kutushughulikia miadi ya daktari. Mimi nikaongeza godoro la pili juu ya kitanda, nikafunga mbao pembeni asianguke kwenye kona, na njia nzima kutoka Lindi nilikuwa naongea peke yangu kwenye usukani kwamba Dar watamtibu.

Pale Kiswere nilisimama ili apumzike, nikaenda kwa mama lishe. Niliporudi, mkono wa kitasa ulikuwa unazunguka bure, haushiki kitu. Nikamwambia ajaribu kwa ndani. Akajaribu.

"Na huku hivyo hivyo," alisema.

Niliweka chai chini, nikatoa bisibisi na koleo. Nikafungua bati la kitasa upande wangu, nikang'oa mkono, nikachokonoa kile chuma cha katikati kwa koleo. Ulimi wa kitasa haukusogea. Nilijaribu kisu pembeni ya fremu na kikagonga lile bati langu la kuzuia wezi. Ilibaki njia moja, kufungua skrubu za ndani, na mwenye kuweza kuzifikia alikuwa yeye.

Nilimpitishia bisibisi kati ya nondo za dirisha. Mkono ulioipokea ulikuwa mwembamba hata bangili ilimteremka mpaka kwenye kiwiko. Akakaa chini nyuma ya mlango, nami nikachuchumaa upande wa nje, tukatenganishwa na ubao. Nikamwelekeza aanze na skrubu ya juu, asisukume sana, akichoka apumzike. Nilimsikia akihema. Skrubu ya kwanza ikaanguka sakafuni. Nikangoja aanze ya pili.

"Mzee wangu," alisema, "nina jambo. Nisikilize tu, usinijibu haraka."

Nikamwambia namsikiliza.

"Sitaki kwenda Dar. Nipeleke kwa mama."

Nilicheka kidogo, kama mtu anayembembeleza mtoto. Nikamwambia tumeshafika Kiswere, hapo mbele ni Somanga, na binti yetu anatungoja. Akasema nisimjibu haraka, ameshaniomba. Kisha akanieleza. Siku ile ya mwisho hospitalini, nilipokwenda dirisha la dawa, alimwomba daktari amwambie ukweli, na daktari akamwambia. Uvimbe ulikuwa umeshafika kwenye ini. Dar wangempa dawa za kutuliza maumivu, na pengine muda kidogo. Kupona, hapana.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unagonga misumari kwenye kitanda," alisema. "Nilikuwa nakusikia unaimba. Sikuweza."

Mama lishe alikuwa amekuja kuuliza kama tunahitaji msaada. Aliuona uso wangu, akaokota vikombe vilivyopoa akaondoka. Mimi nilikuwa nimeshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Nilitaka kumwona mke wangu na sikuweza kumwona, na nadhani ndiyo maana aliweza kusema. Tungekuwa uso kwa uso angeniangalia, angenihurumia, angenyamaza tena.

Akaendelea na skrubu ya pili. Ilichukua muda mrefu, na sikumhimiza. Ilipotoka, nikasukuma kitasa chote kwa patasi, kikaangukia ndani, mlango ukafunguka. Alikuwa amekaa sakafuni na bisibisi mapajani, jasho limemtoka. Nilimbeba nikamrudisha kitandani.

Ningeweza kuufunga mlango kwa kamba tukaenda zetu. Lakini nilikaa kwenye ngazi ya gari, nikatandika kanga yake moja, nikakifungua kitasa chote. Chumvi ya pwani ilikuwa imekila. Springi ilikuwa imekatika vipande viwili. Nikachukua springi ya tochi mbovu, nikaikata, nikaikunja, nikaipachika, nikasugua kutu kwa mafuta ya kupikia. Machozi yalikuwa yanadondokea humo humo kwenye mafuta. Niliujaribu ulimi mara nyingi kuliko ilivyohitajika, ukiingia na kutoka, kwa sababu nikimaliza ingenibidi niinuke niamue. Kazi ilipokwisha, nikampigia binti yetu simu nikamwambia tuko Kiswere na tunarudi. Aliniuliza nani ameamua. Nikasema mama yako. Akasema mgonjwa hana akili ya kuamua, baba, wewe ndiye dereva. Akakata.

Niligeuza gari. Tulipita Lindi bila kusimama nyumbani, kwa sababu yeye hakutaka, na Mingoyo nikakunja kulia kuelekea Masasi. Barabara nzima nilikuwa namsikia akikohoa nyuma ya ule ukuta wa mbao, na niliujutia ukuta huo. Tulipoanza kupanda mlima wa Newala alinigongea nisimame. Alitaka dirisha lifunguliwe lote aipate baridi ya kwao.

Mama yake, mwanamke mkongwe anayetembelea fimbo, alitupokea mlangoni. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, kisha akamtazama binti yake nikiwa nimembeba. Alisogeza tu mkeka. Mke wangu aliishi pale majuma machache. Alilishwa uji na mama yake kama mtoto, wakizungumza Kimakonde ambacho mimi nakisikia nusu nusu, na zipo siku walicheka. Alifariki asubuhi, mama yake akimfuta uso. Mimi nilikuwa uani nachota maji.

Binti yetu alifika kuzika. Alipita mbele yangu bila kuniamkia, na kwetu jambo hilo halina jina. Sikumlaumu. Yeye alikuwa amemwandalia mama yake kitanda na shuka mpya, na kitanda kile hakikulaliwa.

Baada ya arobaini nilirudi Lindi peke yangu. Siku hizi binti yetu hunipigia simu kila Ijumaa. Huanza na shikamoo, huniuliza kama nimekula na kama presha imeshuka, nami humuuliza habari za wajukuu. Juzi, katikati ya mazungumzo, nilimsikia anavuta pumzi, nikajua anataka kuniuliza kwa nini niligeuza gari pale Kiswere. Nilisubiri. Halafu akasema vocha yake inakaribia kwisha, tutaongea wiki ijayo, inshallah.