Doa la Chai Kwenye Vitambaa vya Mama

Katika filamu yetu hakukuwa na mwizi. Naanza na hilo kwa sababu bado linanichoma, na mimi si mtu wa kukasirika ovyo. Watu wa ploti yetu Mashimoni, huku Kibera, wananijua kwa kicheko. Hata stima ikipotea, mimi ndiye wa kwanza kucheka.

Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu wa Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi. Tulijuana kwenye darasa la filamu la Jumamosi, katika ukumbi mmoja pale Olympic, hapa hapa Kibera. Mimi shule niliachia kidato cha pili. Yeye alimaliza, na kwao wana nyumba za kupangisha. Mambo hayo hatukuwa tukiyatia maanani. Shindano letu lilikuwa nani atamchekesha mwenzake zaidi.

Mwalimu, ambaye ndiye mwenye kamera, alitaka kila kundi lilete mpango wa filamu fupi ya kuchekesha yenye stori mbili zinazokwenda sambamba. Stori kama hiyo nilikuwa nayo tangu utotoni. Ni ya mama yangu.

Mama alifuma vitambaa vya sofa, vyeupe, vyenye maua pembeni. Sofa hana. Alivifuma akiingoja sofa, na kabla haijafika vitambaa vikawa vya mtaa mzima. Ukipata wageni wa maana, unakuja kwa mama, unaondoka na mfuko. Mama hajui kukataa. Ndiyo maana aliwaahidi wanawake wawili vitambaa hivyo Jumamosi moja: jirani yetu, aliyekuwa na wageni asubuhi, na rafiki yake wa kanisa anayekaa Kawangware, aliyekuwa na wageni mchana. Mama akaona muda unatosha. Asichojua ni kwamba watoto wa wanawake hao ndio walitaka kuoana. Asubuhi mashangazi wa msichana walikuja Mashimoni kuona nyumba ya kijana. Mchana pande zote mbili zingeenda Kawangware kula kwa kina msichana.

Asubuhi hiyo shangazi mmoja akamwaga chai kwenye kitambaa. Wageni walipoinuka tu, mama alivikusanya vyote, akakimbia navyo hadi Kawangware, akavitandika huko kabla hawajafika. Shangazi akaingia, akaketi, akatazama chini ya kiwiko chake.

"Hii chai naijua," akasema.

Nyumba nzima iliangua kicheko mpaka ugali ukapoa. Ilijulikana kwamba pande zote mbili hazina vitambaa, na ukwe ukaanzia hapo.

Basi tulichukua karatasi ya manila, tukapiga mstari katikati. Kushoto Kibera, kulia Kawangware. Huku jirani anakung'uta kitambaa, kule mama wa msichana anapangusa kiti kilicho uchi. Huku jirani anawaambia wageni, "Hivi ni vyangu vya siku nyingi." Kule mwenzake anasema, "Vyangu viko kwa dobi." Hiyo ya dobi aliitunga rafiki yangu, na ilikuwa kali kuliko zangu zote. Na katikati, akivuka mstari na mfuko wake, mama yangu anakimbia.

Mama alikubali kucheza mwenyewe. Alivifua vitambaa, akavipiga pasi ya makaa. Lile doa halijawahi kutoka, na mara hii hatukutaka litoke. Alifanya mazoezi ya kukimbia kwenye kijia chetu, watoto wakimshangilia, na rafiki yangu akabaki kula kwetu ugali na omena, wale dagaa wa ziwani.

Jumamosi iliyofuata nilibeba vitambaa hadi Olympic. Mwalimu aliisoma karatasi yetu akiwa amesimama. Hakucheka.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini hii ni Kibera. Mama anakimbia na mfuko, na hakuna anayemfukuza?"

"Anachelewa," nikasema.

"Watu watauliza ameiba nini."

"Vitambaa ni vyake."

"Shangazi akiona doa, apige nduru. Mwizi! Umati utoke huku Kibera, umfukuze mama. Hapo ndio kuna filamu."

"Na kicheko?"

"Kicheko kibaki upande wa Kawangware."

Nilimgeukia rafiki yangu. Alikuwa anazungusha kalamu vidoleni.

"Si mbaya," akasema.

Nikamvuta nje.

"Basi mwizi akae upande wako," nikamwambia.

"Kawangware? Nani ataamini?"

"Na simu yako ilienda wapi? Si iliibiwa hapo kwenu mlangoni?"

"Hiyo ilibebwa na msee wa Kibera."

"Ulimwona?"

"Alikimbia akielekea huko."

Siku nyingine ningecheka hadi nikae chini. Siku hiyo nilisikia masikio yakiwaka.

"Buda, ni filamu tu. Mamako atakuwa staa."

"Umekula kwetu," nikamwambia. "Umekula omena ya huyo mwizi."

Aliangalia viatu vyake. "Mwalimu ndiye ana kamera," akasema. Akarudi ndani, akapiga mstari juu ya neno "mama", na upande wa kushoto akaandika "mwizi". Upande wake hakuugusa.

Mimi nimekimbia maisha yangu yote. Nimekimbilia maji kabla mfereji haujafungwa, nimekimbilia nguo mvua ikianza, nimekimbilia kibarua. Sijawahi kukimbia na kitu cha mtu. Lakini ukitoka kwetu na mfuko, tayari mfuko unaulizwa maswali, na sasa maswali hayo yameandikwa na mtu anayejua ndani ya huo mfuko kuna nini.

Nilichukua vitambaa nikaondoka. Karibu na Makina, nikirudi nyumbani, mvua ikashuka. Watu walikimbia. Mimi nilikataa. Nilitembea polepole katikati ya njia, mfuko mkononi, nikilowa, nikimtazama usoni kila aliyenitazama.

"Baba, mbona umelowa hivyo?" mama akauliza. Huniita baba kwa sababu nimebeba jina la babake.

"Wanataka uwe mwizi."

"Niibe nini?"

"Hivi vitambaa."

"Si ni vyangu?"

"Ni vyako."

Aliketi kwenye kiti cha plastiki akacheka akishika mbavu. "Sasa nikishikwa, nitamrudishia nani?"

Sikucheka. Aliponiona, akachukua mfuko, akaanza kukamua maji kwenye vitambaa.

Siku chache baadaye rafiki yangu akapiga simu. Alisema vitambaa vya kwao ni vipya, na doa la chai ya leo halionekani la kweli kwenye kamera. Akaomba vya mama. Nilikuwa natafuta tusi zito kiasi cha kutosha, ndipo mama akaninyang'anya simu.

"Kijana wangu, vitambaa vipo. Mimi sijamnyima mtu. Kuja uchukue. Lakini kwanza ukae, tunywe chai, kisha uniambie kwa mdomo wako mimi ni mwizi wa nini."

Nilisogeza sikio karibu na simu.

"Nitakuja, mama," akasema.

Vitambaa vimepigwa pasi tena, vimening'inia ndani ya mfuko kwenye msumari karibu na mlango. Akija, mama atampa, namjua. Lakini mlango wetu ni mwembamba, na mimi ndiye hukaa hapo: hatatoka na mfuko bila kunipita.