Mjaribu Pikipiki Asiyeshuka

Kazi ya Kona ilikuwa kuendesha pikipiki zisizo zake. Karakana ilinunua pikipiki za mbio zilizotumika, zile za silinda mbili, ikazitengeneza na kuziuza tena, na hakuna hata moja iliyonunuliwa wala kuuzwa kabla Kona hajaizungusha mtaani na kutoa neno. Akisema "nzima," basi ni nzima. Akisema "bado," mafundi wanakunja mikono ya mashati na kuanza upya, hata kama walishanawa na kuvaa viatu vya kwendea nyumbani. Jina la Kona alipewa na mafundi hao hao, kwa jinsi alivyokuwa akiilaza pikipiki kwenye mzunguko wa barabara mpaka goti linataka kusalimiana na lami. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kadi ya kliniki na kinywani mwa mama mkwe.

Aliingia kazini kwa sababu ya mdomo wake. Miaka ishirini na sita nyuma alikuwa mpeleka vifurushi. Siku moja alikuja karakana kurekebishiwa breki, akamsikia fundi mkuu akimhakikishia mteja kwamba injini haina hata chembe ya kasoro. Kona, ambaye hakuulizwa na mtu, akasema silinda ya nyuma inachelewa. Wakabishana, wakafungua, plagi ya nyuma ikatoka nyeusi tititi. Mwenye karakana, mzee mmoja mkali, akamtazama kutoka juu mpaka chini.

"Huo mdomo utakuponza huko nje," alimwambia. "Njoo ukuponzee hapa."

Pikipiki ya silinda mbili, Kona alipenda kuwaeleza wasiomuuliza, si sawa na ya silinda nne. Yenye nne inaimba, yenye mbili inagomba. Ukiitia gia ya tatu na kwenda nayo taratibu, inatikisika na kunung'unika kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake, na katika manung'uniko hayo ndimo inamotoa siri zake zote. Kwa hiyo njia ilikuwa ile ile kila siku: geti, matuta matatu, ukuta wa shule kwa gia ya tatu, mzunguko, kilima cha hospitali, kushuka kwa breki ya mbele peke yake, kurudi. Dakika kumi na nane. Dakika hizo kumi na nane Kona hakuwa na deni la mtu, wala umri, wala mama mkwe.

Shida ilikuwa mgongo. Pikipiki ya mbio haikaliwi, inalaliwa: kifua juu ya tangi, mikono chini, miguu imekunjwa nyuma. Ukiwa na miaka ishirini na nane hiyo ni raha. Ukifika hamsini na nne, ni adhabu uliyoiomba mwenyewe. Siku ya kwanza mgongo ulipogoma, Kona alirudi vizuri tu, akaiegemeza pikipiki kwenye stendi yake, akazima injini, akataka kushuka. Wapi! Haukuuma sana, ulikataa tu, kama bawaba yenye kutu. Fundi mkuu akasogea, akauliza vipi. Kona, kainama vile vile, pua juu ya saa ya mafuta, akasema neno la kwanza lililomjia.

"Nyamaza. Naisikiliza ikipoa."

Dakika kumi baadaye mgongo ukalegea, Kona akashuka na kusema "bado, angalia gasketi ya mbele." Wakafungua, wakakuta gasketi ina ufa mwembamba kama unywele. Ukweli ni kwamba ufa huo Kona aliuhisi zamani, kule kilimani, kwa jinsi injini ilivyokosa pumzi. Lakini nani angelitaka ukweli wa kawaida wakati kuna muujiza mbele yake? Tangu siku hiyo, Kona akirudi, mafundi walizima redio wenyewe. Wateja wakaanza kuja mapema ili wasikose kikao. Bosi, binti wa yule mzee mkali, aliyeirithi karakana pamoja na ukali wake, akaandikisha ubao mpya mbele: KILA PIKIPIKI HUENDESHWA NA KUKALIWA. Fundi mkuu mwenyewe alifumaniwa nyuma ya stoo, kakaa juu ya pikipiki iliyozimwa tangu juzi, kafumba macho, anatikisa kichwa kana kwamba anakubaliana nayo.

Nyumbani hakukuwa na muujiza. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, kila jioni alimlaza kifudifudi kwenye meza ya kukatia vitambaa, akamtandikia taulo mbichi mgongoni na kupitisha pasi ya moto juu yake, kwa ustadi ule ule wa kunyoosha kola.

"Mwambie bosi wako, baba watoto. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Nikimwambia, kesho atanipa niendeshe nini? Kiti?" Kona aliijibu meza, maana uso ulikuwa huko. "Na ng'ombe hazeeki maini."

"Maini nimekubali. Mimi nauliza mgongo."

Alichoogopa hakikuwa maumivu. Aliogopa asubuhi moja ataambiwa akae, na mtu mwingine atoke getini. Wazo hilo likimjia, alikaza meno na kuuliza kama pasi imepata moto wa kutosha.

Ndipo akaja bwana wa suti ya kijivu na pikipiki nyekundu. Ilikuwa nzuri mpaka mafundi wakaanza kuongea kwa sauti ya chini. Bwana yule alisema ameitumia siku za mapumziko tu, taratibu, mkewe akiwa nyuma, na anaiuza kwa sababu familia imekua. Bosi akamwonyesha ubao, akampa kiti na chai, Kona akavaa helmeti na kutoka.

Kwa kweli, alistarehe. Ukutani mwa shule injini ilinung'unika kwa adabu, silinda zote mbili zikipokezana kama ndugu wanaopendana. Kwenye mzunguko ikalala yenyewe. Kona akapanda kilima akiwa ameshaamua: nzima, na nzima kabisa. Wakati wa kushuka, gari la taka likatoka kwenye uchochoro bila hodi. Kona akakamata breki kwa nguvu zote, pikipiki ikasimama palepale, kiunoni kwake kikalia kitu: kaa! Alirudi karakana polepole, akaikanyagia stendi kwa kisigino, akazima injini. Kuanzia shingo mpaka nyonga akawa kipande kimoja.

Mafundi wakazima redio. Dakika kumi zikapita. Zikapita kumi na tano. Bwana wa suti akaweka kikombe chini.

"Huwa anachukua muda hivi?"

"Inategemea," alisema bosi. "Kuna nini cha kusikia."

Bwana wa suti akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaizunguka pikipiki mara moja, akamchungulia Kona usoni. Uso ulikuwa umekunjamana, na jasho linatiririka.

"Labda anasikia tangi," alisema bwana yule. "Tangi lilirudiwa rangi. Mkwaruzo tu."

"Mmmh," alisema Kona. Alikuwa amejaribu kuinua goti.

"Sawa, haikuwa mkwaruzo. Iligonga geti. La jirani."

Kona akajaribu goti la pili. "Mmmmmh!"

"Basi, basi! Uma wa mbele ulipinda, ukanyooshwa. Lakini ukanyooshwa vizuri!" Bwana wa suti akalegeza tai. Bosi akavuta kiti, akaketi, akakunja miguu kama mtu aliyefika kwenye sehemu tamu ya hadithi. Hakuna aliyemuuliza yule bwana kitu chochote. Njia ya mwongo ni fupi, ila huyu hata hakuitembea yote; alikatisha. Ilirudishwa saa ya kilomita. Mke hajawahi kuipanda. Na mwishowe, kwa sauti ya mtu anayetapika: "Fremu imechomelewa! Chini ya tangi! Mwambieni aniondolee hayo macho!"

Fundi wa rangi, mwanamke wa makamo mwenye vidole vya rangi saba, akalala chini na tochi, akakuna kwa ukucha mahali fulani. Mshono wa kuchomelea ukajitokeza, mrefu kama kidole.

"Rangi hii hata mimi ningejivunia," alisema kwa heshima. "Lakini kuna siku ingekatika vipande viwili."

Mafundi wakapiga makofi. Fundi mkuu akafuta macho. Bwana wa suti akasema kwamba amekosa, hauzi tena, anaomba pikipiki yake aende zake. Na wote wakageuka kumtazama Kona, aliyekuwa bado juu yake.

"Mzee Kona," alisema bosi kwa upole, "funga kikao."

Kona aliwasikia wote, na hapo ndipo jasho la kweli lilipomtoka. Angeweza kuguna mara nyingine na kununua dakika tano. Lakini kitu kimoja kilimkaba roho kuliko kiuno. Ile fremu hakuiona. Hakuihisi kilimani, wala kwenye mzunguko, wala alipokamata breki. Angesema nzima. Mtu fulani angeinunua kwa neno lake, angeilaza kwenye mzunguko ule ule, na asingerudi. Miaka ishirini na sita hakuwahi kukosea namna hiyo, au pengine alikosea na hakujua, kwa vile siku hizi nusu ya akili yake ilikuwa ikiulinda mgongo.

"Bosi, sikusikia kitu," alisema.

Watu wakacheka. Mzee huyu naye, kwa unyenyekevu!

"Sikusikia kitu, nasema! Ningeipitisha. Sijawahi kusikia kitu nikiwa nimekaa, siku zote nilikuwa nangoja mgongo. Leo umekwama kabisa. Nishusheni, jamani." Sauti ikapasuka katikati, na machozi yakamtoka mbele ya watu.

Hakuna aliyecheka tena. Walimshusha watu wanne, umbo lile lile la kuendesha, magoti yamekunjwa na mikono mbele, wakamlaza ubavu kwenye meza ya injini. Mguu wa kushoto aliubeba bwana wa suti, maana ndiye aliyekuwa na haraka.

Daktari alimpumzisha wiki tatu, akamwambia pikipiki za kulalia amezimaliza. Kona alipeleka habari hizo kwa bosi mwenyewe, kasimama wima, helmeti mkononi tayari kuirudisha. Bosi alisoma karatasi ya daktari mara mbili.

"Fundi wa rangi ataendesha," alisema. "Amekuwa akiomba tangu enzi za baba. Utamfundisha wewe. Na wewe utakaa."

"Bosi, kikao ni uongo. Nimekwambia mbele za watu."

"Uongo umeutoa wewe? Mimi nilimsikia bwana mmoja akisema kweli tupu kwa dakika ishirini. Mzee, wanaokuja kuuza hawakuwepo siku ile. Kaa."

Basi akamfundisha. Wiki nzima alisimama getini na kumsikiliza fundi wa rangi akienda, akijua kwa mlio tu gia gani yuko na wapi ameogopa. Siku ya tano hakuogopa mahali popote. Alirudi, akatamka "nzima, ila klachi inavuta," sawasawa kabisa, kisha akaruka chini kwa hatua moja, kama anayetoka kitandani. Wivu ukamshika Kona mpaka akaona haya. Alimpongeza, akaenda kunawa mikono isiyokuwa na uchafu.

Jumatatu akaja mama mmoja mwenye miwani, anauza nyeusi. Fundi wa rangi akaizungusha, akairudisha, akasogea pembeni. Redio ikazimwa. Kona akapanda, safari hii kwa hiari yake, mgongo wima, daktari asipate la kusema. Injini ilikuwa bado ya moto. Akauhisi moto huo mapajani, moto wa safari ya mtu mwingine. Akaweka mikono kwenye usukani. Akafumba macho.

Mama mwenye miwani alikohoa. Akahamisha mkoba bega hili kwenda lile. Akakohoa tena.

"Mzee," alisema hatimaye, "kuna jambo moja dogo sikuwaambia."

Kona hakufumbua macho. Kidole chake kilikuwa kikivuta klachi kidogo kidogo, na upepo ulikuwa ukimpiga usoni.

"Ngoja kwanza, mama," alisema. "Sijarudi."