Kitabu cha Mumbua Pale Kisimani

Enzi zile tukiwa watoto huku upande wa Matiliku, maji hayakuwa ya kufunguliwa, yalikuwa ya kungojewa. Nasema na ninyi mliobeba mtungi mgongoni kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita kichwani, ambao mkijipapasa mpaka leo mnapata bonde juu ya kipaji. Wajukuu zetu mfereji ukikauka siku moja wanashika simu kuitangazia dunia kwamba wanateseka. Kuteseka! Sisi tulitoka shule tukateremka mtoni, na mto wenyewe ni mchanga mtupu kutoka ukingo huu hadi ule. Mnachimba shimo, mnakaa. Maji yanajitokeza chini kidogo kidogo, unateka kwa kipande cha kibuyu, yanaisha, unangoja tena. Mtungi mmoja ungeweza kula nusu saa, na foleni ina watoto kumi na watano.

Msifikiri nalalamika. Ilikuwa raha. Tulicheza mawe kivulini, tukamumunya mabuyu mpaka ulimi ukawa mkavu, wavulana wakapigana mieleka huku mbuzi wao wakiingia kwa mbaazi za wenyewe. Nyumbani tulijua kuna muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na maharagwe, na mama amesimama mlangoni akipima kivuli cha nyumba. "Leo mlikuwa mnachimba maji au mnayazaa?" ndivyo alivyokuwa akiniuliza.

Basi mwaka tuliokuwa darasa la tano, Mumbua akapata kitabu.

Mumbua alikuwa jirani yetu, kati yetu ni ua wa minyaa tu. Mjomba wake alikuwa mpishi Mombasa, na alipokuja likizo alimletea kitabu cha hadithi, cha Kiswahili, jalada la mbele limeng'oka, kwa hiyo jina lake hatukulijua kamwe. Kilikuwa kinahusu watoto wanne na punda mmoja waliotoroka kwao, wakavuka nchi kavu na ramani mkononi, wakatengeneza chelezo, wakaenda kisiwani kutafuta sanduku. Kiongozi wao alikuwa msichana, wakimwita Nahodha. Msichana! Akitoa amri, wavulana wanafuata! Sisi tuliofundishwa kupisha wavulana hata njiani tulisikiliza tukasahau kufunga midomo.

Mumbua alitusomea pale kisimani. Maji yakiwa yanajikusanya, anasoma. Shimo likijaa, anafunga kitabu, mwenye zamu anateka, sote tumekodoa macho kwenye kile kibuyu. Maji yakiisha, anafungua tena. Na kwa vile hatukutaka msomaji achoke, mtungi wake ulijazwa na watu, ukafungwa na watu, akainuliwa mpaka akasimama. Hata wale wasichana wakubwa wa darasa la saba, wenye kiburi kile, walimpisha kwenye foleni.

Sasa mimi nitasema ukweli, maana umri wangu hauniruhusu tena kudanganya. Wivu uliniuma mpaka nikashindwa kula. Mimi ndiye niliyekuwa namba moja darasani. Wageni wakija shuleni, Mwalimu aliniita mimi nisome. Mumbua alikuwa wa tisa, tena muhula akijitahidi! Halafu kitabu cha pekee kijijini, ukiacha Biblia na vya shule, kinaenda kwa mtu wa tisa? Alipokuwa akikwama kwenye neno refu nilikuwa nikilitamka kabla yake, kwa sauti, wote wasikie. Walikuwa wakiniambia ninyamaze.

Na tulikuwa tukiigiza. Mto wa mchanga ukawa ziwa, jiwe kubwa lile la katikati likawa kisiwa, miti ya mkonge tukaifunga kwa kamba ikawa chelezo, tukaisukuma mchangani tukipiga makasia hewani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona maji ya kumfika magotini. Mumbua ndiye aliyegawa kazi, kitabu si chake? Yeye akawa Nahodha. Nami nikamwambia nataka kuwa hata ndugu yake Nahodha. Akanitazama, akafikiri, akasema, "Kamene, wewe una mgongo mzuri. Utakuwa Punda."

Nikawa Punda wiki sita. Nilibeba chakula cha safari, nilibeba ramani, nilibeba na wachunga mbuzi wawili waliosema wamejeruhiwa. Mama akiniona nimenuna aliniambia, "Kamene, kijicho chako kitakukausha kabla ya jua."

Mwezi huo pasta alitangaza maombi ya mvua. Wenzangu, nilikuja kujua baadaye, waliomba kimoyomoyo mvua ichelewe mpaka hadithi iishe, kwa sababu mvua ikinyesha kila boma linakinga maji ya paa na hakuna anayeteremka kisimani. Mimi niliomba inyeshe siku hiyo hiyo. Niliomba nikitoa machozi, nimepiga magoti kwenye sakafu ya changarawe. Mama akamnong'oneza baba, "Huyu mtoto ameguswa." Nilikuwa nimeguswa kweli, lakini si na Roho.

Mvua haikuja. Zikabaki karatasi chache tu, na Mumbua akatangaza kwamba kesho ni mwisho, asikose mtu. Jioni hiyo zamu yake ya kuteka ilifika, na kwa mara ya kwanza akakataa kutekewa. Akanipa mimi kitabu nimshikie. "Wewe unajua kutunza vitabu," akasema, akainama ndani ya shimo.

Nilichana karatasi tatu za mwisho. Polepole, nikikohoa ili mlio usisikike, nikazisukuma ndani ya gauni. Nilikimbia mpaka nyumbani na mtungi mgongoni, sijui nguvu nilizitoa wapi, nikajificha nyuma ya ghala nikasoma.

Na kile nilichokisoma! Watoto wanafukua sanduku, wanalivunja, ndani mna kutu na kitambaa kilichooza. Wanarudi kwao, wanachapwa, wanarudishwa shule. Mwisho. Nilikasirika kana kwamba mimi ndiye niliyeibiwa. Lakini nilijifariji: kesho Mumbua ataaibika mbele ya watu wote, na mimi peke yangu ndiye ninayejua mwisho.

Kesho yake mtoni kulikuwa kumejaa. Walikuja mpaka wa ng'ambo, ambao tulikuwa hatuongei nao. Mumbua akasoma, akafika mahali sanduku linaguswa na jembe, akafungua ukurasa. Nikaona vidole vyake vikipita pale palipochanwa. Akainua macho, akatuangalia mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nimekaa mwisho kabisa, nimekumbatia magoti.

Akainamisha kichwa, akaendelea kusoma.

Alikuwa anasoma jalada la nyuma kwa ndani, ambalo halikuwa na kitu ila doa la mafuta. Akasoma kwamba sandukuni mlikuwa na ufunguo mmoja, na kwamba palikuwa na mlango kwenye jiwe, na mlango ukifunguliwa maji yanatoka, yanateremka mpaka nchi kavu ya kwao, hakuna mtoto anayepanga foleni tena. Wale watoto watatu wakagombania ufunguo. Nahodha akawanyamazisha. Akasema, "Sote tulitembea, lakini mmoja alitembea na mizigo yetu." Akauvalisha ufunguo shingoni mwa Punda.

Wee! Kelele zilizopigwa pale! Walinigeukia wote, wakanibeba juu, wakaniimbia, wale wa darasa la saba wakanivua mukwa wakanitekea maji wenyewe. Ningesema nini? Ningesema si hivyo, mwisho ninao mimi, ndani ya gauni? Nilibebwa nikilia, wakadhani ni furaha.

Mvua ilikuja wiki iliyofuata. Kitabu kikazungushwa kwa watu mpaka kikapotea. Zile karatasi tatu nilizihifadhi ndani ya Biblia yangu, nikasoma nikawa mwalimu, nikafundisha watoto wa watu wasiibe, nikastaafu.

Siku hizi nina mfereji hapa uani, mradi umefika. Kwa Mumbua haujafika, kwa hiyo huja kwangu na mitungi yake akitoka kwa shamba la ndengu. Wengine wote huniita Mwalimu, yeye tu ndiye amebaki wa kuniita Kamene. Mwaka jana, magoti yalipoanza kuniuma na kunikumbusha kwamba sote ni wasafiri, nilitoa zile karatasi nikamwekea mkononi, mtungi wake ukijaa mferejini.

"Mumbua, kuna kitu chako niko nacho."

Akazitazama, akacheka mpaka akashika ukuta. "Asi! Kumbe ulizitunza! Mimi nilifikiri uliwashia moto."

"Ulijua?"

"Kamene, kitabu kilikuwa kwa mikono yako na yangu. Ningemshuku nani, mbuzi?"

"Na mwisho wenyewe?"

"Nilikuwa nimesoma mara nne kabla niwasomee. Ulikuwa mbaya. Watoto watembee kote huko wakute kutu? Nilishaamua kitambo kwamba nitawadanganya." Akapangusa mtungi wake kwa leso. "Lakini ufunguo nilikuwa nimpe Nahodha."

"Basi kwa nini ukampa Punda?"

"Nilikuangalia ulivyokaa. Nikasema huyu anataka kitu mpaka ameiba. Basi apewe."

Mnajua nilihisi nini? Aibu, ndiyo, lakini wivu ukaitangulia. Nina vyeti vitatu ukutani, na sijawahi kusoma kitu kizuri kama kile alichosoma mtoto wa tisa kwenye doa la mafuta. Wajukuu wangu wana hadithi elfu ndani ya simu na ukiwaambia wakusimulie moja wanakutumia link. Wao hawajawahi kungojea kitu pamoja. Maji yetu ya sasa yana nguvu, mtungi unajaa kabla hamjajuliana hali, mtu anabeba anaenda zake. Nawaonea wivu wale sisi wa zamani, wenye kiu.

Mtungi wa Mumbua ulikuwa unakaribia kujaa. Nikainama, nikaufunga mfereji mpaka maji yakabaki yakidondoka tone moja moja. Akaniangalia. Nikavuta viti viwili.

"Haya," nikamwambia, "anza. Kutoka mwanzo."