Bwana Unywele Ailaza Mashine Yake

Walimwita Bwana Unywele kwa sababu, katika miaka thelathini ya kukereza vyuma, yaani kuvichonga vikizunguka kwenye mashine, hakuna aliyemsikia akisema kitu kimetosha. Mteja akisharidhika, yeye hutazama kipimo, husema, "Bado unywele mmoja," na kuwasha mashine tena. Hata nyumbani picha ya harusi yake na mkewe ilikaa sakafuni miaka miwili, akitafuta mahali hasa pa kupigilia msumari.

Basi goti likamshinda. Daktari akamwambia atapasuliwa, kisha asisimame kazini miezi minane. Hakuuliza kama itauma. Aliuliza, "Miezi minane ya mvua au ya jua?"

Alikuwa anawaza kutu, ambayo haipigi hodi.

Siku tatu alijifungia karakana, iliyokuwa uani nyuma ya nyumba. Alifagia chenga za chuma hadi zilizojificha chini ya gia. Alimwaga oili chafu, akajaza mpya, akalegeza mikanda, akaosha kila kona kwa mafuta ya taa. Ikabaki kupaka grisi sehemu zote zilizo uchi. Hajafika nusu, kopo la grisi likaisha, na kwa goti lile dukani hakufikiki. Akasimama, akawaza, akachechemea hadi chumbani, akarudi na kitu kwapani.

Siku hiyo shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa amekuja kusaidia kufungasha nguo za hospitali. Alipopita uani akasikia sauti ya kubembeleza kutoka karakana: "Tulia, mama. Bado huku nyuma. Nikimaliza kukupaka nitakufunika, ulale. Mtu asikuguse mpaka nirudi."

Harufu ya waridi ikamfikia kupitia upenyo wa mlango. Akatimua mbio ndani.

"Dada! Mumeo amejifungia na mtu! Anampaka mafuta!"

Mke alikuwa anakunja shati. Hakuinua hata kichwa. "Mafuta gani?"

"Jamani, hilo ndilo la kuuliza?"

"Ndilo. Kama ni ya taa, ni mashine. Kama ni oili, ni mashine. Mke mwenzangu namjua, ana tani moja na nusu."

"Yananukia waridi, dada."

Shati likaanguka. Mke akafungua kabati, akapapasa, akapiga ukelele. "Kopo langu la mafuta ya mgando! Sijapaka hata kisigino!"

Walimkuta ameketi juu ya ndoo, mguu ameunyoosha, mikono inang'aa hadi viwikoni. Shemeji, ambaye bado hakuamini, akaweka kiganja kizima juu ya chuma. Bwana Unywele akapiga yowe.

"Usiguse, shemeji! Jasho lina chumvi! Vidole vitano leo, kutu tano kesho!" Akafuta, akapaka upya.

Mke akashika kiuno. "Baba watoto, miaka yote hii, mimi umewahi kunipaka mafuta mgongoni?"

Mtu mwingine angedanganya. Yeye alifikiri kwa makini, kisha akajibu, "Lakini wewe hushiki kutu, mama watoto."

Shemeji alicheka hadi akakaa sakafuni.

Kidogo mke naye angecheka, lakini akamwona mumewe anakunjua nailoni ili aifunge mashine gubigubi. "Na hiyo ya nini?"

"Kuzuia unyevu."

"Weka mkate wa moto kwenye nailoni, ufunge, kisha uone unavyotoka jasho."

Bwana Unywele akaitupa nailoni pembeni. Siku tatu za hesabu, na hilo lilimpita! Mke akaleta mashuka makuukuu ya pamba, wakaifunika, kisha turubai juu, chini wakaacha hewa ipite. Akamwandikia mkewe maelekezo kurasa nne: kila mwezi afunue, azungushe kwa mkono, akague, apake upya. Mke akazisoma, akachana tatu.

Upasuaji ulikwenda salama. Miezi minane ikapita, akarudi akichechemea kidogo tu. Akafunua, akafuta, akazungusha kwa mkono kabla ya kuwasha, akamulika kila pembe kwa tochi. Hakuona hata doa. Mashine ikanguruma taratibu, naye akafuta macho, akidai ni mafuta ya taa.

Akanyoosha mkono kuchukua kopo la oili. Mke akalivuta upande wake.

"Kukereza ni kwako," akasema. "Oili ni kwangu. Mimi nimeshamzoea, na wewe unamwaga ovyo."

Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi Bwana Unywele hutolewa karakana, akakaa uani na chai yake, akimsikiliza mkewe ndani akimsengenya kwa mashine.