Mzee Aliyemshika Bibi Mkono

Siku tuliyomzika mzee Coilín, bibi yangu Báirbre aliongeza ubeti kwenye shairi ambalo kijiji kizima tulidhani tunalijua lote.

Chai ilipoa vikombeni, nawaambia.

Hapa kwetu Conamara, magharibi mwa Ayalandi, mtu akighani kwa Kiairishi, msikilizaji mmoja humshika mkono na kuuzungusha polepole, kumtia moyo. Shairi la bibi alilitunga mwenyewe. Ni la msichana aliyenyolewa nywele kwa nguvu wakati wa vita vya kuwatoa Waingereza, akabaki na wadogo zake wa kulisha.

Tulijua msichana ni yeye. Tulijua pia waliomnyoa ni askari wa Kiingereza.

Na aliyemshika mkono siku zote alikuwa Coilín, shujaa wetu wa vita. Kila mara machozi yalimtoka. Watu wakasema, mzee ana roho laini.

Sasa shujaa kazikwa, nyumba yake imejaa watu, sandwichi zinazunguka. Mmoja akapaza sauti, "Báirbre, ghani lile shairi umuage mwenzio!"

Bibi akasimama. Safari hii hakuna aliyemshika mkono. Akaghani mpaka pale tulipozoea kupiga makofi, halafu akaendelea:

"Hakuwa Mwingereza, alikuwa jirani,
Alipiga hodi, akakaribishwa ndani;
Mkasi wa kondoo, shingo mkononi,
Kosa ni mayai niliyouza kambini."

Akanyoosha kidole kwenye picha ya marehemu ukutani.

Máirtín, mtoto wa Coilín, akaruka. "We bibi! Unamtukana baba leo hii? Toka nje!"

"Nitatoka, mwanangu. Wadogo zangu walikuwa na njaa, na wenye hela ya mayai walikuwa askari wa Kiingereza tu. Ningemtaja baba yako enzi zile, nani angenisalimia? Nikawasingizia Waingereza. Alipokuja kuniomba radhi, nikamwambia nishike mkono, usikilize."

Mjane wa Coilín, Neansaí, akainuka. Huyu mama hakuwahi kuitikia salamu ya bibi. Nikajua leo ni kofi.

"Kaa chini, Máirtín," akasema. Kisha akamgeukia bibi. "Alikuwa akitoka kukusikiliza, analala kanipa mgongo, analia. Mimi miaka yote nilidhani ni mpenzi wako. Nimekuchukia mpaka nikaumwa."

"Si ungeniuliza?"

"Na wewe si ungeniambia?"

Wakakaa benchi moja, vikongwe wawili, wakalia hadi watu wakaanza kuaga.

Bibi hakumaliza majira yale ya baridi. Neansaí alishinda kando ya jeneza lake, akiushika mkono uliopoa na kuuzungusha polepole. Urafiki wao ulidumu wiki chache tu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Ndugu zangu, mwanamke aliyenusurika vita anaweza kuwa bado anaishi jirani na aliyemuumiza. Akighani, msiishie kupiga makofi. Kaeni naye karibu, mmuulize, angali hai.