Robo ya Pasi

Juzi niliunguza kanzu nyeupe ya mume wangu, na badala ya kusikitika nikakasirika. Sikuikasirikia pasi. Pasi yenyewe ni ile ya nyanya yangu, ya chuma kizito, niliyoitoa sandukuni baada ya yangu ya kisasa kufa. Niliichomeka ukutani hapa Koboko bila kutarajia makubwa. Kufumba na kufumbua, moshi! Nikaichomoa, nikakaa kitandani na ile kanzu mapajani, nikamkumbuka nyanya na wote waliomdanganya.

Kama ulikulia Arua wakati ule, unajua nisemalo. Stima yetu ilikuwa ya jenereta, inakuja magharibi na kuondoka watu wakijiandaa kulala. Taa zilipowaka, watoto tulipiga kelele mtaa mzima. Kule Arua Hill zilikuwa nyeupe. Kwetu bondeni, mwisho wa waya, balbu ilikuwa nyekundu kama kaa linalozimika, na ilibidi uwashe mshumaa ndipo uone kama imewaka. Ukilalamika, jibu lilikuwa moja tu: nguvu iko.

Nyanya alikuwa akipiga pasi kanzu za Ijumaa. Kila Alhamisi nyumba ilinukia wanga wa muhogo na gurusa, mikate yetu myembamba ya kukaangwa, tuliyokula motomoto huku tumekatazwa kabisa kusogelea nguo za watu. Alinyunyiza maji kwa vidole, akakandamiza, na kanzu ikawa kama imetoka dukani. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Miaka yote alitumia pasi ya makaa. Kisha mjomba wangu, aliyekuwa askari, akamletea pasi ya stima, na kwa furaha nyanya akampa jirani ile ya makaa siku hiyohiyo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Pasi mpya ilipata joto la kivivu, kanzu zikatoka na mikunjo, wazee wakaanza kuzirudisha. Hakuna hata mmoja aliyesema stima ni mbovu. Walisema, "Mama mukubwa, nguvu yake iko imekwisha." Kanzu zikahamia kwa jirani yule aliyepewa pasi ya makaa. Kwetu kuomba kitu ulichokwisha kutoa ni aibu kubwa, kwa hiyo nyanya hakwenda kuidai. Nilimwona akikunja na kukunjua vidole vyake, akivitazama kama vya mtu mwingine.

Wakati huo mwalimu wetu wa fizikia alikuwa akipigana na Kiswahili chetu. Katika Kiswahili cha kwetu West Nile, Uganda, nguvu ni kila kitu: mkono wa askari, chai iliyokolea, dawa kali, stima. Mwalimu hakutaka mchezo huo. "Hapa darasani, nguvu ni volti mara ampea," alisema akigonga ubao. "Ukinzani ni volti gawanya kwa ampea. Nguvu ingine acheni nyumbani." Mimi nikaibeba ya darasani, nikaipeleka nyumbani.

Kwenye kibati cha pasi paliandikwa volti 240, wati 960. Basi, 960 gawanya kwa 240, ilipaswa kuvuta ampea 4, na ukinzani wake ni 240 gawanya kwa 4, yaani omu 60. Nikamwomba fundi redio wa mtaani aje na mita yake jioni stima ikiwepo. Akapima: volti 120, ampea 2. Nikaokota kipande cha mkaa, nikaandika ukutani chini ya soketi. 120 gawanya kwa 2, omu 60 zilezile. Pasi ilikuwa nzima! Kisha nikazidisha: 120 mara 2, wati 240. Hebu ona dhuluma hiyo. Volti zilikuwa nusu, ampea nazo zikashuka hadi nusu, na nguvu ikabaki robo. Nyanya alikuwa akinyoosha kanzu za watu kwa robo ya pasi, halafu analaumiwa mikono.

Mtu wa stima alipopita jioni moja kukagua nyaya, nilimvuta ndani nikamwonyesha ukuta. Hakuinama hata kusoma. Aliwasha balbu, nayo ikatoa wekundu wake.

"Si unaona? Nguvu iko," alisema. "Mama mukubwa, wewe iko nazeeka tu. Na hii mutoto hapana soma, iko nachafua ukuta."

Akacheka, na nyanya akacheka naye kwa adabu. Kicheko hicho cha adabu kinaniuma kuliko maneno ya yule bwana.

Alipoondoka nilimweleza nyanya tena, namba kwa namba. Akaniwekea mkono kichwani. "Hesabu yako iko muzuri, mutoto yangu. Lakini kanzu hapana jua kusoma." Kesho yake akaifunga pasi kwa kitambaa, akaiweka sandukuni. Tangu hapo, hata akiombwa kukanda unga, alisema mikono yake haina nguvu. Aliishi miaka mingi akiamini hivyo, na tukamzika akiamini hivyo.

Leo jenereta ile haipo, wala balbu nyekundu, wala kelele za watoto magharibi. Ukuta wenye mkaa wangu ulipakwa rangi zamani. Watu wa umri wangu wakikutana hulicheka giza lile, wakasema tulikuwa na raha zetu. Raha zilikuwepo, sikatai, na harufu ya gurusa ningeirudia hata leo. Lakini mimi sicheki. Walituletea robo wakaiita nguvu, na hakuna aliyewahi kumwambia mwanamke yule samahani.

Mume wangu ameniuliza kwa nini siitupi kanzu iliyoharibika. Nimeikunja, nimeiweka sandukuni pamoja na pasi. Mgongoni ina alama ya kahawia, umbo la pasi kamili mpaka kwenye ncha. Hilo ndilo joto ambalo nyanya alilisubiri kila Alhamisi, huku wakimwambia kosa ni mikono yake.